Hiki Kidonge Si Kinga ya Mganga

Mama Kulwa,

Mwangaluka. Mimi mzima, nakula, nafanya kazi, ila baridi ya huku ugenini haina adabu. Nyie mko salama hapo Nkoma? Mgongo wa mama unaendeleaje, na mvua imeifaa pamba?

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu unayotumia ni ya mdogo wangu Masanja, na safari hii sitaki ajue kabla yako.

Ile kazi ya kujitolea chuoni nimeanza kuitilia shaka. Watafiti wanataka kujua kama vidonge wanavyomezeshwa wanajeshi, kujiandaa na gesi ya vita inayoharibu mishipa ya fahamu, vinapunguza nguvu za mwili. Basi tunameza, tunapanda baiskeli isiyokwenda popote, tunakanyaga kwenye chumba cha joto huku wao wanaangalia mashine. Wanasema havipunguzi kitu cha maana. Wanasema wao. Mimi tumbo linanisokota, jasho linanimwagika, moyo unapiga polepole kuliko miguu inavyotaka. Mwenzangu Ngassa, yule wa Nkololo, hasikii chochote. Kumbe wengine wanapewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na hakuna anayeambiwa kapewa kipi. Nikiuliza wanatabasamu, nami watu wa kutabasamu hivyo siwaamini.

Lakini kilichonitia hofu ni neno moja. Mkalimani aliviita vidonge vya kinga, nami nikamwambia Masanja hivyo hivyo kwenye simu. Unajua kwetu kinga ni nini: unachanjwa kwa mganga, halafu hata nyoka anakupisha. Sasa Ngassa kaniambia Masanja amemwagiza amletee. Eti dawa ya kuulia wadudu wa pamba na gesi ya vita ni ndugu, kwa hiyo akishameza atapuliza kifua wazi, bila kitambaa puani. Na Ngassa amekuwa akivificha vingine shavuni ili arudi navyo nyumbani.

Kwenye huo undugu Masanja hajakosea, ndiyo maana nilimbana daktari. Safari hii hakutabasamu.

"Kidonge peke yake hakizuii kitu," alisema. "Kinaipa nafasi sindano ya kuondoa sumu inayochomwa baadaye, tena kwa gesi chache tu. Kwa dawa ya shambani ni sumu juu ya sumu."

Barua hii itamtangulia Ngassa. Akifika mkaribishe, apate ugali na maziwa mgando, ila vidonge uviombe wewe na uvitumbukize chooni mbele yake. Akisema vimeisha usimwamini, mpekue hata mifuko. Masanja afunge pua na mdomo, avae shati la mikono mirefu, asipulize upepo ukimjia usoni.

Nisalimie mama, shangazi anayetulelea watoto, na mwalimu jirani yetu, ambaye atakusaidia mwandiko wangu ukikushinda. Kulwa na Doto waambie baba yao anawakumbuka mno.

Masanja atanuna, tena sana. Atasema nimepata kinga huku nikamnyima. Mwache anune. Mdogo wangu aliyeninunia nitamkuta nyumbani nikirudi, nami nitambembeleza.

Mumeo,
Baba Kulwa