Viazi vya Mbegu vya Mama

Bonde la Waiapu,
22 Septemba

Kwako Kaka Paora,

Salamu nyingi, na heshima yako kama mkubwa wangu nakupa sasa hivi, maana huko mbele inaweza kupungua. Natumaini u mzima huko Perth, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ni yako. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husema na mimi huguna. Leo utanisoma mpaka mwisho.

Nimerudi kwenye bustani ya Mama. Tangu tumzike Julai sikuwa nimetia mguu mle. Lakini mti wa kowhai wa getini umeshachanua manjano, baridi ya asubuhi imelegea, nikaona sina kisingizio tena. Nimekuta nyasi zimefika dirisha la banda, uzio wa upande wa mtoni umelala chini, na ng'ombe wa jirani wamejikaribisha wenyewe. Siku mbili za kwanza nilipigana na nyasi mpaka viganja vikachubuka. Siku ya tatu akaja Tiopira, mtoto wa marehemu shangazi, na uma wake wa kulimia begani. Akaniambia nianzie huku, yeye aanzie kule, tukutane kwenye kabichi. Kabichi yenyewe haikuwepo hata moja. Nilicheka, na sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Huyo ndiye uliyemwita mwizi.

Nilikutumia picha nikidhani utafurahi kuona tulivyosafisha. Wewe ukaona kitu kimoja tu, kwamba kitanda cha mchanga, pale Mama alipofukia viazi vitamu vyake vyekundu kila Agosti ili vichipue, kiko kitupu. Ukaniuliza mbegu ziko wapi, nikajibu hazipo, nikakata simu. Kesho yake mke wa Tiopira akaweka mtandaoni picha ya kitanda chao, machipukizi mekundu tele, na wewe ukajumlisha moja na moja. Ukampigia mjomba Eruera, ukamwambia Tiopira aliingia bandani wakati sisi tunamlilia Mama kwenye marae, uwanja wetu wa ukoo, akakomba sanduku zima la mbegu. Ukataka ukoo ukae, atolewe kwenye ardhi ya familia. Mjomba ameitisha kikao Jumamosi ya pili ya Oktoba, na nasikia tiketi umeshakata. Tiketi ya kuja kumwona Mama ilikushinda miezi miwili. Ya kuja kumfukuza mtu umeipata kwa siku moja.

Najua kilichokuwasha. Kwetu rando la kiazi halivuki baridi, na asiyehifadhi kiazi hana cha kupanda. Mbegu ile ilianza na mama yake bibi, na haikukatika hata mwaka wa mafuriko. Kuuliza una haki. Kumchafua mtu huna. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini yako, Kaka, imetoka Perth ikampiga mwanadamu. Mke wa Tiopira hakanyagi tena jikoni kwenye marae. Jumapili iliyopita watu wawili waliinuka kwenye benchi alipokaa, nami niliwaona kwa macho yangu.

Tiopira mwenyewe aliendelea kung'oa magugu ya Mama. Nikamwuliza kwa nini hawaambii kwamba mbegu yake alipewa na Mama kwa mkono wake, huu mwaka wa nane. Akachomoa uma ardhini, akausafisha meno kwa kidole, kisha akasema, "Nikisema hivyo wataniuliza ya kwenu iko wapi, dada. Na hilo si langu kujibu."

Kumbe alikuwa ameshaliona sanduku, halina kitu.

Basi najibu mimi. Mbegu nilizipika.

Mwezi wa Juni Mama alikuwa hali kitu. Supu alikataa, uji alikataa. Viazi vya kula tulivyovuna vilikuwa haba, vikaisha mapema. Nikamnunulia vya dukani, akatema, akasema haya ni maji tu. Alitaka vyake. Nikaenda bandani, nikafungua sanduku, nikatoa kimoja. Akakila chote na ganda lake. Kesho yake nikatoa kingine. Vilikuwa ishirini na tatu. Usidhani nilimdanganya, maana huwezi kumdanganya mwanamke aliyelima miaka sitini. Siku ya tano alinitazama akasema, "Umeingia kwenye sanduku." Nikaanza kulia. Akaniambia, "Usinililie. Niongezee siagi."

Sijutii hata kimoja. Ninachojutia ni wiki hizi mbili. Siku ile ile ulipompigia mjomba nilipaswa kusimama niseme, nikaona haya, nikamwacha Tiopira abebe mzigo wangu huku ananilimia. Hasira hii yote unayoisoma, nusu ni yangu mwenyewe. Siku ya kikao nitasema kabla yako. Nimekueleza wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu.

Tiopira ameshatutengea mapando ya kutosha mistari sita. Anasema ni mali ya Mama inarudi nyumbani. Utayapokea wewe, mbele ya watu wote, kwa mikono miwili, na utajua la kumwambia.

Limebaki moja. Kila siku Mama aliniuliza kama umefika, na kila siku nilimjibu uko njiani. Kilipobaki kiazi kimoja sandukuni alikataa kukila. Akasema, "Hicho mwekee kaka yako." Nikakuwekea. Ukaja jeneza limeshafungwa. Jioni ile, watu walipotawanyika, uliketi jikoni kwenye kiti chake ukasema una njaa. Nilikuwa na hasira kama ya leo. Nikakioka, nikakuletea. Ulikula nusu huku unatazama simu, ukasema hakina chumvi, ukasukuma sahani.

Msalimie sana wifi, na watoto wote. Nijulishe ndege inatua saa ngapi, nitakuja kukupokea.

Ni mimi mdogo wako,
Raiha