Kioo Nilichokipangusa

Mdogo wangu Njoroge,

Sina anwani yako, kwa hiyo nakuandikia hapa gazetini, kila mtu asome. Aibu imenitoka. Kilichobaki ni hofu kwamba utazeeka bila kujua ninalotaka kukwambia.

Unakumbuka siku uliyonipeleka maabara ya chuo? Ulikuwa umebandika karatasi mbili ukutani, moja umeiandika Thika, nyingine Ruiru. Katikati ya meza kulikuwa na vipande viwili vya kioo vilivyobanana, na kati yake tone la fuwele za kimiminika, kama zile zinazoonyesha tarakimu kwenye saa ya mkononi. Ukawasha mwale mwekundu. "Sasa hiyo dot iko Thika," ukasema. Ukabonyeza swichi, nukta ikaruka. "Imefika Ruiru, na haijalipa nauli." Nilicheka hadi fundi wa maabara akachungulia. Ukanieleza kwamba simu zitakuja kupita ndani ya nyuzi za kioo, na kifaa kama chako ndicho kitakachoelekeza mwanga njia ya kufuata. Sikuelewa yote, lakini nilikuamini.

Kisha ukaanza kutengeneza kingine, bora zaidi, cha kuwaonyesha wahadhiri wako. Vioo vyake ulivishughulikia hapa kwangu mtaani Landless, kwa kitambaa cha mahameli, ukivisugua taratibu juu ya meza ya kulia. Jumamosi hiyo ulitoka kwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nafanya usafi. Nikaona vile vioo vina utando, nikadhani ni vumbi. Nikachukua kipande cha leso nikavipangusa kwa kuzungusha, vile tunavyopangusa kioo cha taa, nikavirudisha pale pale. Nilidhani nimekusaidia.

Jumatatu ulirudi kutoka chuoni ukakaa bila kuvua koti. Ulisema mwale ulitawanyika mbele ya wahadhiri wote, haukwenda huku wala kule. "Nilisugua nikielekea upande mmoja tu, sista, ndiyo zile fuwele zijipange. Zimekataa. Nilikuwa najidanganya, mimi si mtu wa hizi vitu."

Hapo ndipo nilipojua. Mkono wangu ulikuwa umeharibu ule mpangilio wote, na mdomo wangu ukafungana. Nikakumiminia chai. Nikakwambia kazi zingine zipo. Mungu anisamehe, nilikwambia hivyo.

Wiki hiyo ukaacha chuo. Nilisikia umepanga chumba Kiuu, unatengeneza redio. Nimekuja mara tatu. Mara mbili mlango ulikuwa na kufuli. Mara ya tatu mama mwenye nyumba akaniambia, "Huyo kijana alihama kitambo. Hizo vitabu zake aliniachia niwashie jiko." Nilimwuliza kama kimebaki hata kimoja. Hakikubaki.

Njoroge, silali vizuri. Nimejaribu kuzoea, imenishinda. Sikuombi unisamehe, wala sikuombi urudi hapa. Kama hutaki kuniona tena maisha yangu yote, nitakubali. Lakini wahadhiri wako wako pale pale, na kazi yako haikuwa na kosa. Nenda kwao, uwaambie dada yako alipangusa kioo.

Ni mimi niliyenyamaza,
dada yako