Vipigo Tisini na Tatu na Mpira Mmoja

Jumapili, 17 Agosti

Mimi ni mtu wa bahati, na sitaki ubishi. Siku ile ya ubingwa wa besiboli, mwaka 2001, watu elfu thelathini uwanjani, mikono elfu sitini hewani — na mpira wa mpigaji wetu Onodera, ule uliovuka ukuta na kutupatia kombe, ukaja kutua wapi? Kwenye kiganja cha Kurihashi Tetsuo, muuza mishikaki ya kuku! Hata sikuruka. Nilinyoosha mkono kama mtu anayepokea chenji. Paa! Mpaka leo uko juu ya jiko langu, ndani ya kisanduku cha kioo. Wateja wakiingia wanakigonga kwa kidole kwanza, ndipo wanaagiza bia. Mji mzima wa Hamasaki unajua.

Bahati ni yangu mimi. Timu ndiyo haina. Leo Mwewe wetu wamepigwa 9–2. Kipigo cha sabini, na Agosti haijaisha! Tuko wa mwisho kati ya timu sita, na huyo wa tano hata kisogo chake hatukioni tena. Na kocha ni nani? Onodera yuleyule. Shujaa wangu. Zamani alipiga mpira ukavuka ukuta, sasa kila mpigaji akiingia anamwamuru auguse tu kwa gongo, taratibuuu, yeye atolewe ili mwenzake asogee kituo kimoja. Eti kujitolea. Tuko nyuma pointi saba, unajitolea nini? Nani kakuomba? Nyumba inaungua, wewe unapanga viatu mlangoni!

Mke wangu Fusae kaniambia nipunguze kelele, koo litapasuka. Nimemwambia koo hili ni la chuma. Akasema na kutu inaonekana.

Jumanne, 19 Agosti

14–1. Nyumbani! Joto la kukaanga yai juu ya kiti. Mimi na ngoma yangu, kikosi chetu cha kushangilia nyuma yangu na tarumbeta zao, tunaimba wimbo wa kila mchezaji kama kawaida, hata wa yule mdakaji ambaye tangu Mei hajaupiga mpira ukaenda popote.

Mzunguko wa tano. Wetu wawili wameshatolewa. Akitolewa wa tatu, zamu imekwisha — mtoto wa chekechea anajua. Onodera anatoa ishara gani? Gusa! Na watu wawili wameshatolewa! Mchezaji mwenyewe aligeuka kumtazama kama anauliza, mzee, una homa? Akagusa. Akatolewa. Zamu kwisha.

Nikasimama juu ya kiti. Nina haki mimi, nina mpira wake. Nikaita kwa koo langu la chuma: “Onodera! Baba yako hakukufundisha kuhesabu mpaka tatu?”

Jukwaa zima lilicheka. Mpaka wageni upande wa pili walicheka. Yeye akageuka akatazama juu, kofia mkononi. Mwaka mzima hajawahi kutazama upande wetu. Nikampungia mkono.

Nina kipaji, jamani.

Jumatano, 20 Agosti

Dukani leo ni utani huo huo wa jana tu. “Bosi, niletee mishikaki mitatu — au nikuitie mtu akusaidie kuhesabu?” Wamecheka mpaka bia imemwagika. Mauzo mazuri. Hasira iko palepale.

Jumamosi, 6 Septemba

Kipigo cha 80. Nimevunja fimbo ya ngoma.

Mzunguko wa saba, wakati watu wanapuliza maputo ya kurusha, kama desturi ya mzunguko huo, jamaa mmoja mwenye tai anakusanya mkoba wake taratibu, anainama, anapita mbele yangu. Nikamshika mkono. Unakwenda wapi? Akasema ana treni. Nikamwambia treni ziko kila dakika kumi, timu iko moja! Shabiki haondoki kabla ya mtu wa mwisho kutolewa. Anayeondoka mzunguko wa saba si shabiki, ni mpita njia. Akaona aibu, akaketi. Tukapigwa pointi nne zaidi mbele ya macho yake. Basi, ameteseka kama binadamu.

Jumatatu, 29 Septemba

Leo hakuna mechi. Nimeketi kuupitia msimu, maana mtu akilishwa sumu miezi sita lazima ajue ilitiwa kwenye chakula gani.

Aprili: mechi sita za kwanza, vipigo sita. Tukasema bado kuna baridi, mikono haijapata moto.

Mei: yule mpigaji jitu waliyemleta kutoka ng'ambo, mwenye shingo kama pipa, ameteleza bafuni hotelini kavunjika kidole cha mguu. Karudi kwao. Alipiga mpira mara nne. Nimemlisha mishikaki mingi kuliko alivyopiga.

Juni: mvua. Mechi mbili ziliahirishwa. Tulishangilia kama tumeshinda.

Julai: vipigo kumi na moja mfululizo! Wachezaji wote wakanyoa vipara kutuomba radhi. Asante sana. Tukawa wa mwisho, halafu na vipara. Mrushaji wetu wa kwanza ana kichwa chenye pembe nne, hatukuwa tunajua, sasa tunajua, na mpira bado hautui anapotaka.

Agosti: kocha asiyejua tatu.

Septemba: sitaki.

Na kosa la nani? La Onodera. La Onodera! Mtu aliyewahi kutupa furaha ile anajua ladha yake, halafu anatupa hii? Mgeni akikutukana unaweza kusahau. Huyu ni wetu. Kazaliwa mtaa wa pili kutoka hapa.

Kikosi kimekutana dukani. Tumekubaliana: mechi ya mwisho, Jumamosi, kimya. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna wimbo. Wasikie upepo. Halafu mechi ikiisha, kocha akitoka na kipaza sauti kutuinamia kama desturi ya kila mwaka, mimi nitamrudishia mpira wake. Nitaurusha pale pale miguuni pake. Chukua, hauna maana tena! Watu wamepiga meza. Yuko aliyelia. Mimi nikawajazia glasi bure.

Fusae alikuwa anageuza mishikaki. Akauliza, bila kunitazama: “Utarudisha mpira gani?”

Nikasema, kwani iko mingapi?

“Haya,” akasema. “Unanuka mchuzi. Uufute kwanza.”

Sawa, unanuka. Kitu gani kingekaa juu ya jiko miaka ishirini na nne kisinuke?

Jumamosi, 4 Oktoba

Imekwisha. 5–0. Kipigo cha 93. Niandike polepole.

Sikujua kimya kinauma hivi. Mwewe wanaingia uwanjani, vichwa vyao vimeanza kuota vinyweleo kama maembe yaliyonyonywa, wanatazama jukwaa letu, wanangoja. Hakuna kitu. Unasikia mpira ukiingia kwenye glovu. Unasikia mtu akimeza. Mdakaji wetu alipoingia kupiga, akasimama kidogo kabla ya kuinua gongo, kama mtu anayengoja wimbo wake uanze. Nilikalia mikono yangu yote miwili. Kweli kabisa, niliikalia.

Mzunguko wa tisa. Akatolewa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwisha.

Wakajipanga mstari mbele yetu. Onodera akatoka katikati na kipaza sauti. Hakusoma karatasi. Akasema wachezaji wamefanya kila alichowaambia, na alichowaambia kilikuwa kibaya, kwa hiyo kosa ni lake na wao wasizomewe mitaani. Akasema anaacha kazi. Akavua kofia, akainama.

Akabaki ameinama vile vile. Muda mrefu. Mtu nyuma yangu akaanza kuhesabu sekunde, akaacha.

Kikosi kizima kinanitazama. “Bosi, sasa! Bosi, rusha!” Mpira uko mfukoni. Nikautoa. Nikauinua. Hapo Bibi Yasukawa akanishika mkono wa koti. Bibi huyu ana miaka themanini na tatu, hukaa kiti cha kushoto kwangu tangu enzi za kombe, hula wali wake wa kufinyanga bila kusema neno mpaka mzunguko wa nne. Ana mkono mkavu kama kijiti cha mshikaki, lakini alinishika hasa.

“Wewe Tetsu, shusha mkono. Mtu ana msiba.”

Nikamwambia, bibi, sote tuna msiba, tumefiwa na timu.

“Mpumbavu. Baba yake kafariki. Mzee Onodera wa tofu, aliyeniuzia tofu yake laini ya maharage ya soya miaka arobaini. Kafariki tarehe kumi na tisa Agosti alfajiri. Familia iliomba isitangazwe mpaka msimu uishe, wachezaji wasivurugike.” Akaachia mkono wangu. “Msimu umeisha. Sasa ndiyo nimekwambia.”

Tarehe kumi na tisa.

Nimerudi kulifungua daftari hili na kusoma nilichoandika siku ile. Kwamba nina kipaji.

Nikairudisha ile takataka mfukoni. Wakasema, bosi vipi? Nikasema bega limekaza. Nikachukua ngoma. Sikumuuliza mtu. Nikaanza wimbo wake wa zamani, wimbo wa mpigaji Onodera, ambao hatujaupiga tangu aache kucheza. Nusu ya kikosi hawaujui, wako vijana. Wazee wakaujua. Bibi Yasukawa akaimba, sauti kama mlango. Onodera bado ameinama. Nikaona mabega yake yanatikisika.

Lakini hasira haijaisha! Niandike ukweli: vipigo tisini na tatu bado ni tisini na tatu, na mtu kufiwa Agosti hakuelezi Aprili. Ninachosema ni kwamba hasira imekosa mahali pa kukaa. Imezunguka imerudi nyumbani kwa mwenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba, saa mbili na nusu asubuhi

Yuko chini.

Onodera yuko chini dukani kwangu!

Nilikuwa natunga nyama kwenye vijiti, mlango haujafunguliwa, pazia la nje halijatundikwa. Fusae kaenda kufungua akidhani ni mtu wa mkaa. Suti nyeusi, tai nyeusi. Kainama pale mlangoni mpaka nikaona utosi. “Samahani kuja duka likiwa bado limefungwa. Mimi ni Onodera.” Kama kuna mtu Hamasaki hajui yeye ni nani!

Nikafikiri kaja kunipiga. Nikaweka kisu chini, nikasema hewala, nastahili, ila usinipige mkono wa ngoma.

Hakucheka. Au alicheka kidogo. Nikainama mimi, nikaomba radhi kwa ile kelele ya Agosti, nikasema sikujua. Akasema: “Bosi, siku ile ulikuwa na haki. Nilihesabu vibaya kweli. Na baba alinifundisha kuhesabu. Alinifundishia vipande vya tofu, ndani ya maji.”

Nikamfutia kiti kwa aproni yangu. Mimi! Fusae akamwekea chai.

Halafu akasema alichojia. Leo saa tano asubuhi wanaiweka kaburini mifupa ya baba yake, iliyobaki baada ya mwili kuchomwa. Siku ile ya ubingwa mzee hakuwepo uwanjani, alikuwa anasaga maharage, alisikiliza redio. Maisha yote aliuliza: ule mpira uko wapi? Wakamwambia uko kwa Kurihashi wa mishikaki. Basi kila akipita na baiskeli yake jioni alisimama hapo nje, akachungulia dirishani, akauona juu ya jiko, akaenda zake. Miaka ishirini na nne. Aliona haya kuingia na ndala zenye maji ya tofu kuomba kuushika. Nimemwona, huyo mzee! Nimemwona mara mia, nikadhani ananusa mishikaki.

Hospitalini akamwambia mwanawe, ningeushika mara moja tu.

“Niazime,” kasema Onodera. “Niuweke mbele ya picha yake wakati wa sala. Nitaurudisha kabla hujawasha jiko.” Akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akainamisha paji la uso mpaka likagusa mbao. Ile mbao yenye mafuta.

Nikasema ngoja, nikatafute kitambaa safi cha kuufungia. Ndiyo niko huku juu. Kitambaa ninacho, kiko magotini. Mpira uko juu yake. Nimeufuta mara tatu. Bado unanuka.

Fusae ananiita kutoka chini ya ngazi. Kwa sauti ya taratibu, ile mbaya. “Baba. Mgeni anasubiri.” Yeye anajua. Anajua tangu siku ya kwanza, maana bakuli la mchuzi nililoulowekea lilikuwa lake.

Nikishuka nao, mzee wa tofu ataombewa mbele ya uongo. Nikishuka bila —

Anaita tena.

Mpira huu niliununua duka la michezo karibu na stesheni, wiki moja baada ya kombe, nikausugua kwenye lami uonekane umetumika. Siku yenyewe ya ubingwa tulikuwa nyuma 6–1. Nilikasirika, nikaondoka mzunguko wa saba, puto langu likiwa mfukoni bila kupulizwa. Onodera alipopiga nilikuwa kwenye ukumbi wa kamari mbele ya mashine, nikasikia kelele barabarani nikadhani ni tetemeko.

Sikuudaka. Sikuwepo.