Kidole cha Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Bwana afya katua dukani asubuhi, bila hodi. Mimi roho mkononi. Mama mkwe wala! Duka lake linang'aa, sakafu anaipiga deki mpaka nzi wanateleza. Jamaa kapita rafu zote, kaguna tu. Akaja mteja wa nusu mkate. Mama mkwe akakata, akalamba kidole, akafungua mfuko wa nailoni — kama siku zote. Jamaa akaganda.

Akatoa mkobani visahani viwili vya plastiki, ndani kitu kama jeli. Akamwomba aguse kimoja kwa kidole kile. Kisha anawe kwa sabuni, aguse cha pili. Mama mkwe akacheka: kwani leo tunapiga kura?

Atarudi na majibu. Yakiwa mabaya, anaweza kutuzuia kuuza mkate wa kukata na maziwa ya kupima. Bila hivyo viwili, tufunge tu duka.

Alhamisi, 7 Machi

Lo! Lo! Kisahani cha kwanza kimeota! Vidoa vyeupe, vya manjano, kimoja cha waridi, vimekaa palepale kidole kilipogusa. Vyote vijidudu hai, kasema jamaa, msifungue. Bustani nzima — na jicho halikuona kitu! Cha pili, cha kidole kilichonawa: kidoa kimoja tu. Sabuni ileile ninayofulia soksi! Mwili umenisisimka. Nimekishika kwenye mwanga mpaka jamaa kaniomba kisahani chake.

Mama mkwe baadaye kaniuliza taratibu: mwanangu, mtaa mzima nimewalisha hivi? Sijawahi kumwona akiogopa.

Tumepewa hadi Jumatatu. Jamaa akikuta kidole kinalambwa tena, kibali cha kuuza mkate na maziwa hakuna.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kanawa mpaka ngozi imejikunja. Kidole kikianza kupanda mdomoni, namkazia macho. Kinashuka. Najiona mwalimu mkuu!

Jumatatu, 11 Machi

Naandikia stoo. Bwana afya yuko kaunta. Mteja kataka nusu mkate. Mama mkwe kanawa, kakata — safi! Mfuko ukagoma kufunguka. Kausugua, wapi. Akanipa: mwanangu, hebu jaribu wewe. Nikaupokea. Nikalamba kidole.

Mimi! Mbele ya jamaa! Ulimi umetoka wenyewe, sikuutuma. Nimekimbilia huku kwenye magunia.

Nasikia mkoba wa jamaa unafunguliwa, visahani vinagongana. Mama mkwe ananitetea: bwana, huyu kajifunza kwangu, kosa ni langu. Machozi yamenilengalenga. Sasa ananiita: mwanangu, njoo. Leta kidole.