Saa Kumi na Mbili Kutoka Perth

Jumapili, 8 Juni 2025

Bibi amefariki alfajiri. Mimi ndiye niliyempelekea uji nikamkuta ameshaenda.

Baba yuko Perth, Australia, anachoronga miamba mgodini. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia kutupa udongo kaburini, kwa hiyo lazima asubiriwe. Baba mdogo Athanas akaniita mbele ya wazee wote: Mbuke, wewe umesoma Kiingereza, ndege kutoka huko hadi Mwanza ni saa ngapi?

Nikatafuta kwenye simu. Kilomita 9,200. Saa kumi na mbili. Nikasoma kwa sauti na wazee wakanyamaza kunisikiliza – mimi! Nilijisikia vizuri. Bibi amelala mochwari na mimi najisikia vizuri.

Baba mdogo akasema, basi, tunazika Jumanne saa nane mchana.

Jumatatu, 9 Juni

Baba amenitumia sauti WhatsApp. Baba mdogo ana simu ya kitochi isiyo na WhatsApp, kwa hiyo ujumbe ninao mimi peke yangu. Anapanda ndege leo. Atasubiri Doha saa tisa nzima, atalala Dar, Mwanza Jumatano asubuhi, halafu gari hadi hapa Kagongwa. "Ng'wanawane, mwanangu, waambie wanisubiri."

Nimefungua tena ule ukurasa. Chini, kwa maandishi madogo: umbali ni wa mstari mnyoofu, hakuna ndege ya moja kwa moja. Jana sikushuka mpaka huko.

Nilikwenda jikoni nimwambie shangazi Epifania. Akanipa sinia la mchele nichambue. Wanawake wakacheka: huyu haongei, simu yake ndiyo inaongea, tena Kizungu! Nikachambua mchele.

Watu wamejaa uani. Bibi alikuwa akiniangalia tu anajua nina neno. Sasa nani ataniangalia?

Jumanne, 10 Juni

Ndugu wa Ushetu wamefika na gari la kukodi. Kaburi limeshachimbwa, jeneza liko sebuleni.

Saa sita baba mdogo kaniuliza baba amefika wapi. Nikasema yuko njiani. Si uongo. Akaniitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia katekista.

Saa saba na nusu. Nimejifungia stoo, nimekalia gunia la mpunga. Nilishatoka mara moja. Nikasema shikamooni, wanaume wote wakaitikia marahaba, wakanyamaza nimalize. Nikarudi ndani.

Baba mdogo anagonga. Mbuke, toka useme, baba yako yuko wapi? Watu wanataka kubeba.

Nimechana karatasi ya nyuma ya daftari hili, nimeandika kwa herufi kubwa: BABA ATAFIKA KESHO MCHANA. NILIKOSEA MIMI. MSIZIKE. Nimeipitisha chini ya mlango.

Naona ndala zake. Karatasi iko katikati ya miguu. Bado hajainama.