Soksi Niliyoitanua

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Haraka,

Habari za huko na baridi yake? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wifi yangu mzima, na watoto wanakula bila kubembelezwa. Sisi hapa tu wazima kabisa. Hilo "kabisa" nimeliandika makusudi, utaona.

Kwanza asante. Asante tena. Zile soksi za kubana ulizonitumia mwaka jana zimeniokoa mguu. Lakini kabla hujaanza kujipongeza, nina la kuungama, na ukicheka ucheke kwa adabu, mimi ni mkubwa wako.

Ulituma jozi mbili. Ile ya kwanza niliivaa siku moja tu nikaona hii sasa ni adhabu. Kuipitisha kisiginoni kulinitoa jasho, shemeji yako akaja kusaidia, tukaangukia kitandani wote wawili. Nilipoikagua nikaona kifundoni inabana kuliko juu karibu na goti. Nikasema, aa, kiwanda kimekosea! Miaka ishirini na sita nashona, nani atanifundisha kipimo? Nikachukua mkasi, nikachana pembeni, nikatia kipande cha fulana, nikapiga mshono mara mbili. Ikakaa mguuni laini, haina usumbufu. Kwenye simu nikakwambia zinanifaa sana, na kweli ndivyo nilivyoamini.

Baada ya miezi miwili mguu wa kushoto ulikuwa unajaa kila jioni hadi kiatu hakiingii. Ngozi juu ya kifundo ikawa nyeusi, ikawasha, nikajikuna, kikatoka kidonda. Kidogo tu, kama kifungo cha shati, lakini kikakataa kufunga.

Hapo niliogopa, mdogo wangu. Unaukumbuka mguu wa mama. Unakumbuka alivyoacha kupika pale shuleni, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango miaka yote ile, mguu umefunikwa shuka ili wageni wasiuone. Nilikuwa nikiangalia kanyagio la cherehani naona kile kiti kinaniita. Nililia, na wewe sikukwambia.

Nikaenda zahanati na soksi yangu mguuni. Nesi wa vidonda, mama mmoja mnene mwenye maneno, aliivua akaishika juu kwa vidole viwili.

"Mama, hii ni soksi au foronya?"

Nikamweleza ufundi wangu kwa majivuno. Alicheka hadi akaegemea ukuta, kisha akanieleza taratibu. Mishipa yangu imelegea: damu inashuka vizuri, kupanda inashindwa, inatuama chini. Soksi inabana zaidi kifundoni makusudi, ili iisukume damu irudi juu. Kumbe kule kubana nilikokuondoa ndiko kulikokuwa dawa yenyewe! Nilitamani sakafu inimeze.

Walinipima kwanza kama damu inafika vizuri kwenye vidole. Ndipo nesi akanifunga bandeji tabaka juu ya tabaka, kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti. Nilikwenda kila wiki, wiki kumi na moja. Yule mama ana mkono, jamani! Sijaona fundi anayevuta kitambaa kwa usawa kama yeye. Siku kidonda kilipofunga alinikumbatia, nami nikamshonea koti jipya la kazi. Nitamshukuru hadi siku ya mwisho.

Sasa navaa ile jozi yako ya pili, mkasi haujaigusa. Naivaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujajaa. Shemeji yako amekuwa bingwa: anavaa glavu za kuoshea vyombo ili isiteleze, anaivuta taratibu, huku akilalamika utadhani anabanwa yeye. Cherehani inalia kutwa, na kila baada ya muda nainuka natembea kidogo hadi mlangoni na kurudi.

Sasa hili lingine usiliruke kama kawaida yako. Picha yako ukiwa jikoni kazini nimeibandika ukutani dukani. Unasimama kutwa nzima, kama mama. Nami jicho langu ni la fundi: kiatu cha kulia umekifunga vizuri, cha kushoto umeachia kamba. Nikatafuta picha zako za nyuma, ni vilevile. Hiyo si haraka yako ya siku zote. Mguu huo unajaa, nawe unanificha, kama mimi nilivyokuficha.

Ndani ya bahasha utakuta utepe wangu wa kupimia, ule niliojifunzia kazi. Jipime kifundo asubuhi kabla hujashuka kitandani, ujipime tena jioni ukirudi. Namba zote mbili umpelekee daktari wiki hii hii, na mimi uniandikie. Usinipunguzie hata nusu inchi.

Msalimie wifi, na barua hii mpe aisome yote, maana wewe utaikunja. Watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Shemeji yako anakusalimu, na glavu zake. Mungu akulinde huko uliko, na kile kiti cha mama kisipate mtu mwingine wa kukikalia katika nyumba yetu.

Dada yako akupendaye,
anayekanyaga cherehani kwa miguu yote miwili.