Mkono wa Usukani Nilioufunga Mimi

Mpendwa Opiyo, pacha wangu,

Barua hii inakuja na Mama Boke, yule anayenunua omena, dagaa wa ziwani, hapa Rodi Kopany na kuivusha mpakani hadi Sirari. Ameniambia amekuona huko mara mbili, umekonda, unaendesha trekta ya mtu. Nambari yako ya zamani haipatikani tangu uondoke, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ukiona ni mwandiko wangu, tafadhali usiichane. Soma kwanza, halafu ufanye utakavyo.

Wiki hizi nimekuwa nikikumbuka siku bagi letu lilipopanda mwamba mara ya kwanza. Watu walikuwa wametucheka mwaka mzima. Gari gani hili halina milango wala paa, mabomba matupu juu ya matairi makubwa? Tulilitoa kwenye mabaki ya pikapu, wewe ukafunga injini na mimi nikachomelea fremu. Kule kwenye mawe ya Osiri nilitembea kinyumenyume mbele yako nikikuelekeza kwa mikono: kushoto kidogo, simama, sasa kanyaga polepole. Tairi moja la mbele liliachana na jiwe likaning'inia hewani, na wewe hukulitazama. Ulitazama mikono yangu. Ulipofika juu ulizima injini, ukasema, "Na mtu mwingine singejaribu."

Maneno hayo nilitembea nayo kifua mbele miezi mingi.

Unaikumbuka ile Ijumaa kabla ya ajali. Uliniletea mkono wa usukani, kile chuma kinachovuta magurudumu ya mbele yafuate usukani, ukasema ni mfupi kwa matairi mapya na unataka niurefushe. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na vijiti vyangu vya kuchomelea vilikuwa vimekula unyevu. Nilijua. Vilikuwa vinatema cheche ovyo. Lakini jua lilikuwa linashuka, na unamjua Mama, Sabato ikiingia hataki kusikia mlio wa grinda kwenye boma lake. Nikaunga haraka, nikalainisha juu na grinda mpaka pakang'aa, nikapaka rangi nyeusi. Uliniuliza, "Iko sawa?" Nikakwambia, "Iko sawa," nikaufunga mwenyewe.

Jumapili, kule Osiri, nilisimama juu ya jabali pamoja na watu waliokuja kutazama. Otieno, mtoto wa baba mdogo, alikuwa ameketi kando yako, amevaa ile kofia nyekundu, anapunga mkono. Mlipofika pale pembeni niliona magurudumu yameelekea kwenye shimo huku wewe ukizungusha usukani upande mwingine. Niliona, Opiyo. Halafu bagi likabiringika mara mbili, na kilichofuata ni sauti ya Otieno akimwita mama yake. Wewe ulitoka na mikwaruzo. Yeye, mguu ulivunjika sehemu tatu, na ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Kikao kilifanyika Rangwe, kwa baba mdogo. Alikuuliza mbele ya wote, "Opiyo, ulikuwa umekunywa?"

"Sikukunywa, Baba. Usukani ulikataa. Nilizungusha, magurudumu hayakufuata."

Akanigeukia. "Adongo, wewe ndiye fundi. Sema."

Nikasema usukani ulikuwa mzima, kwamba niliufunga mwenyewe, na kwamba ule mkono ulikatika bagi lilipoanguka. Hukubishana. Ulinitazama tu, kisha ukainamisha kichwa. Baba mdogo akasema usikanyage tena bomani kwake, hata siku ya kumzika. Wiki iliyofuata ulichukua begi ukavuka mpaka. Mimi nilifunika bagi kwa turubai nyuma ya gereji bila kuligusa. Watu walidhani ni uchungu. Ukweli ni kwamba sikutaka kuangalia.

Mwezi uliopita alikuja mtu mwenye shimo la dhahabu Osiri. Anataka gari la kupandisha maji na chakula cha wachimbaji mahali pikipiki zinashindwa, akaomba nilitengeneze bagi letu na kuliimarisha, alinunue. Nikaondoa turubai. Nilianza na vitu vya mbali, springi, breki, viti, kama mtu anayezungukazunguka nyumba asitake kubisha hodi. Siku ya tatu nikafika kwenye usukani.

Nilisugua kutu mahali palipokatika, nikaupeleka juani. Pale ambapo chuma kilipaswa kuyeyuka na kuwa kitu kimoja, mistari ya msumeno wangu ilikuwa bado inaonekana. Hakikushikana kabisa. Nilikuwa nimekibandika tu kwa juu. Mkono ule uliachia bagi likiwa bado linapanda, na kuanguka kukafuata. Niliketi chini kwenye oili nikalia mpaka jirani wa duka la mbao akaja kuuliza nani amekufa.

Asubuhi niliufunga kwenye gunia nikaenda Rangwe. Baba mdogo alikuwa anapalilia. Nilimwonyesha, nikamweleza yote, vijiti vyenye unyevu na ile haraka. Alikishika chuma, akapitisha kidole kwenye ile mistari ya msumeno.

"Umejua lini?"

"Nimehakikisha jana, Baba. Lakini siku ile ile niliona magurudumu hayafuati."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Hakunitukana, na ni heri angenitukana. Aliniambia niende nyumbani, akarudi kupalilia. Mama naye nilipomwambia aliingia ndani akafunga mlango. Siku nne tulikuwa tukisalimiana tu.

Bagi nimeendelea nalo, sijui kwa nini. Mikono ya usukani yote ya zamani nimeitupa. Mipya nimechongesha Migori kwa fundi wa mashine, chuma kizima kisicho na kiungo. Nimeongeza springi ndefu, mabomba mawili juu ya vichwa, na mikanda inayoshika mabega. Kila mahali nilipowahi kuchomelea nimekata na kurudia.

Juzi Otieno alikuja gereji na mkongojo wake. Alilizunguka bagi, akajaribu kupanda, mguu ukamkatalia. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. "Nilimchukia Opiyo mwaka mzima," akasema. "Sasa ule mwaka niupeleke wapi?" Nilimvutia kiti. Alikaa mpaka saa sita, tukanywa chai, akaenda zake. Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza.

Huyo mtu wa Osiri bado anangoja. Nimemwambia bagi ni letu sote wawili, siwezi kuuza nusu yako.

Sitakudanganya kwamba umeitwa nyumbani. Baba mdogo hajalitaja jina lako tangu siku ile shambani. Lakini wote waliokaa kwenye kile kikao nimewafuata mmoja mmoja, wazee watatu, shangazi, hata mchungaji, na kila mmoja nimemwambia kwa kinywa changu kwamba ulisema kweli na mimi ndiye niliyesema uongo.

Aliyebaki kuambiwa ulikuwa wewe.

Pacha wako,
Adongo